Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya Mtwara: andikeni saa

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara, Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, waganga wafawidhi wa hospitali, vituo vya afya na zahanati zetu, pamoja na waheshimiwa madiwani,

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine wote salaam.

Mimi ni dereva wa bajaji, mtu wa zamu ya usiku. Nakaa kijiweni kuanzia saa mbili mpaka adhana ya alfajiri, jirani na akina mama wanaouza ming'oko, ambao wao hufunga mapema na kuniachia harufu ya moshi. Nalisema hili mwanzoni ili mkifika kwenye maneno ya kitabibu msidhani kuna daktari amejificha nyuma ya barua. Mambo ya pumu nimeyajua kwa njia mbili. Binti yangu wa miaka tisa anayo, na abiria wangu wa usiku wa manane, ukiwatoa walevi na wajawazito, wengi wanayo.

Bajaji ni ya tajiri. Kila asubuhi napeleka hesabu, kwa hiyo sikosi daftari. Kurasa za mbele ni hesabu, mafuta na pancha. Za nyuma zilikuwa tupu mpaka usiku mmoja wa mwezi wa saba, kusi inavuma, na ile baridi yetu ambayo mtu wa Makete akiisikia atacheka lakini sisi tunaivalia sweta.

Mama mmoja wa Magomeni alinipigia saa tisa kasoro. Nilipofika alikuwa ameshamtoa mwanawe nje, mtoto wa kiume wa kama miaka kumi na moja. Amekaa kizingitini, ameinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Kifua kinalia filimbi mpaka naisikia na injini ikiwa inanguruma. Kila akivuta pumzi, ngozi ya kati ya mbavu inaingia ndani. Nikamuuliza jina lake ili tu kumtuliza. Alianza kulitaja akashindwa kulimaliza, na lenyewe lina silabi tatu.

Njiani mama alikuwa anaitikisa inhela ya bluu, lile kopo la dawa ya pumu ya kuvuta, sikioni kama mtu anayechagua nazi sokoni. "Nasikia kama ina kitu, baba," akaniambia. "Lakini haimpi nafuu." Nimekuja kuelewa baadaye kwamba kopo likiisha dawa, ile gesi ya kusukumia inaweza kubaki. Ukibonyeza linapuliza, ukitikisa linasikika, na dawa haimo. Mtoto alikuwa anavutishwa upepo tangu magharibi.

Kituo cha kwanza tulichofika, ambacho sitakitaja, kulikuwa giza. Mhudumu alitoka na tochi ya simu. Akasema mashine ya mvuke, ile ya kumvutisha mgonjwa dawa, ipo, ila umeme umekatika na jenereta halina mafuta. Hakutujibu vibaya. Alikuwa peke yake na ndani kulikuwa na mama anayehangaika na uchungu wa kujifungua. Tukageuza, tukaenda mbele. Mtoto alifungwa mvuke saa kumi na robo. Kulipokucha niliwarudisha nyumbani, mtoto amelala mapajani pa mama yake, mama ameshika bahasha ya kaki yenye vidonge. Nikamuuliza, wamekwambia urudi lini? Akanijibu, "Akibanwa tena."

Alibanwa tena siku ya 16. Najua ni ya 16 kwa sababu asubuhi ile ile, baada ya kuwashusha, niligeuza daftari nikaandika ukurasa wa nyuma kabisa: tarehe, saa, mtaa, mgonjwa ni nani, ana dawa gani.

Tangu hapo naandika kila safari ya pumu. Nawanukulia mistari mitatu tu, bila majina:

"Saa nane na nusu. Kiyangu. Kijana, fundi seremala. Ana inhela, tupu."

"Saa kumi kasoro. Chikongola. Bibi na mjukuu. Bibi ndiye mgonjwa. Hana dawa. Amekunywa maji ya tangawizi."

"Saa tisa na dakika kumi. Yule mtoto wa Magomeni. Safari ya tatu."

Jumla siwapi. Daftari la dereva mmoja halifai kuitwa takwimu. Waliopanda bodaboda siwajui, wenye magari yao siwajui, na waliokaa kitandani wakisubiri kukuche ndio siwajui kabisa. Ninyi ndio mnaoweza kuwa na jumla ya mji mzima, na hicho ndicho ninachokuja kuwaomba: kila mtu anayefikishwa dharura kwa pumu aandikwe tarehe, saa, mtaa anaoishi na dawa aliyokuwa nayo mkononi, kisha mtu mmoja mwenye akili ya hesabu akae na karatasi hizo kila mwezi azisome.

Najua kuna atakayesema MTUHA, ule mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, upo. Upo, na vile vitabu vyake vikubwa nimeviona mezani nikiwa nasubiri abiria wangu. Lakini kinachopanda juu mwisho wa mwezi ni majumlisho: wagonjwa kadhaa wa pumu, wa umri huu na ule, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa. Ukishajumlisha mwezi, usiku wa Jumanne umepotea. Haionekani tena kwamba watu sita wa mtaa mmoja walibanwa kati ya saa nane na saa kumi na moja, na kwamba usiku uliofuata hakubanwa mtu. Na kama hesabu ya namna hiyo mnayo tayari, basi itoeni tuione. Bandikeni kwenye ubao wa matangazo wa kata, pale pale mnapobandika mapato na matumizi.

Kwa nini nang'ang'ania saa? Alinitia wazimu huo kijana mmoja wa utabibu niliyekuwa nampeleka zamu ya usiku. Siku moja nilimwonyesha daftari. Akalipekua, akacheka, akaniambia, "Kaka, wewe unafanya kazi ya Barcelona." Nikamwambia mimi ni Yanga. Ndipo akanisimulia.

Barcelona ni mji wa bandari kule Hispania. Kati ya 1981 na 1987 kulikuwa na siku ambazo hospitali zake zilifurika ghafla wagonjwa wa pumu, wengi wao watu wazima, wanakuja kwa pamoja ndani ya saa chache, hali mbaya, wengine wakafa. Kesho yake shwari. Ilitokea mara 26. Watu walilaumu kila kitu: hewa chafu ya viwanda, magari, hali ya hewa. Waliokuja kufumbua fumbo walianzia kwenye madaftari ya vyumba vya dharura vya hospitali kubwa. Wakatoa tarehe na saa, wakatoa na mahali watu walipokuwa walipobanwa. Wagonjwa wakaonekana wamekusanyika upande wa bandari. Wakaenda bandarini kuomba orodha ya meli na mizigo. Katika miaka miwili waliyoichambua kwa karibu, 1985 na 1986, kulikuwa na siku 13 za mkurupuko, na siku zote 13 kulikuwa na meli inashusha soya. Kumbe kihenge kimoja cha kupokelea soya hakikuwa na vichujio juu, na vumbi la maganda yake lilikuwa linapeperushwa na upepo mpaka mjini. Walipofunga vichujio, ile mikurupuko ikaisha. Utafiti wao ulichapishwa 1989.

Nilikaa na kisa hicho kichwani wiki nzima. Kulikuwa na madaktari wazuri kule, mashine, oksijeni, magari ya wagonjwa, na bado kwa miaka saba walikuwa wanatibu matokeo ya kihenge kisichokuwa na kichujio. Kilichowatoa gizani ni tarehe na saa zilizoandikwa na karani wa mapokezi.

Sasa tutazame mji wetu. Nasi tuna bandari. Makaa ya mawe yanashuka kutoka Ruvuma kwa malori, yanapita Masasi, yanaingia kwetu, yanalundikwa, yanapakiwa melini. Tuna saruji. Serikali yenyewe imeshaona jambo hilo, ndiyo maana imeamua mizigo ya vumbi ijengewe bandari ya peke yake kule Kisiwa-Mgao. Heko. Lakini itakapohamia huko, mtajuaje kama vifua vya Mtwara mjini vimepata nafuu, na vya watu wa Mgao vimekuwaje, kama hamkuandika vilivyokuwa kabla?

Tuna korosho, na korosho ina salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho. Hapa naomba mnisome kwa utulivu, maana mtu akigusa salfa Mtwara huonekana anagusa ugali wa watu. Nimezaliwa kwenye korosho. Baba yangu alisomesha watoto kwa korosho, na najua bila salfa ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, unamaliza maua yote na mwaka huo mnakula mihogo. Nakumbuka tulivyokuwa tunaamka alfajiri, umande haujakauka na upepo haujachangamka, mashine inangurumishwa mgongoni, unga wa njano unapanda kwenye mikorosho kama ukungu. Macho yanawasha, koo linakwaruza. Kitambaa tulichofunga puani kilikuwa kipande cha kanga ya mama. Msimu wa kupuliza unaanza mwezi wa tano au wa sita na kwenda mpaka wa nane, wa tisa. Mikorosho haiko Tandahimba na Newala peke yake. Ukitoka kidogo tu nje ya mji, upande wa Naliendele, umeshaingia mashambani.

Kule California, kwenye bonde la kilimo la Salinas, watafiti walifuatilia watoto wanaoishi karibu na mashamba yanayopulizwa salfa. Matokeo yao ya 2017 yalionyesha kuwa salfa ilipotumika kwa wingi ndani ya kilomita moja na nyumba ya mtoto, pumzi zake zilikuwa hafifu zaidi na matumizi ya dawa za pumu yalikuwa makubwa zaidi. Na kule wana sheria za upuliziaji kuliko sisi. Sisemi salfa isitishwe. Atakayesema hivyo aje na dawa nyingine ya ubwiri. Nasema kama daftari la dharura litaonyesha kwamba mwezi wa saba unazidi mwezi wa pili mara mbili au tatu, basi Bodi ya Korosho inapogawa mifuko ya salfa igawe na barakoa za kueleweka, na maafisa ugani waseme wazi shamba linalopakana na shule lipulizwe siku gani. Na kama daftari litaonyesha salfa haina kesi, vilevile tutashukuru, tutatafuta kwingine.

Kwingine kupo. Kuna kubangua korosho uani, debe limekatwa, moto chini, ule moshi wa mafuta ya ganda unaochoma macho ya mtu aliye nyumba ya tatu. Kuna mkaa. Tangu 2015 bomba linachukua gesi kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam, na mke wangu bado anapuliza jiko la mkaa umbali wa safari ya bajaji kutoka inakotoka gesi hiyo. Nimesoma kuhusu mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mimi ombi langu ni dogo: nyumba yenye mgonjwa wa pumu anayerudi dharura kila mwezi iwe mbele kwenye foleni ya mitungi inapogawiwa. Majina mtayatoa wapi? Kwenye daftari.

Haya, niache vyanzo nije kwenye dawa, maana hapa ndipo panaponiuma zaidi.

Binti yangu alikuwa mgeni wa kudumu wa mvuke mpaka alipofika miaka saba. Kila mara tulikuwa tunaondoka na vidonge na ile inhela ya bluu. Ya bluu ni salbutamol. Inalegeza mirija ya hewa kwa dakika chache na kuokoa maisha, lakini uvimbe ulio ndani ya mirija haiugusi. Unaotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, ile ambayo watu wanaiita ya kahawia, ambayo mgonjwa anaitumia kila siku hata akiwa mzima wa afya. Miaka mitano hakuna aliyetuambia kwamba ipo. Aliyekuja kutuambia ni daktari mmoja wa zamu, saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameshavaa begi lake kuondoka. Alisimama mlangoni akauliza, "Huyu anatumia dawa ya kuzuia?" Tukamwangalia. Akashusha begi, akakaa.

Tangu tuianze, mwaka wa pili huu, mwanangu amepanda bajaji ya usiku mara moja tu, na siku hiyo alikuwa ametoka kwenye harusi iliyofukizwa udi mpaka hata mimi nilikohoa.

Sasa jiulizeni ni wangapi wanaopewa mvuke, wakafunguka, wakaruhusiwa, na hakuna aliyesimama mlangoni kuwauliza swali lile. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, unasema mtu mzima na kijana asitibiwe kwa ya bluu peke yake. Unasema anayemaliza makopo matatu kwa mwaka yuko kwenye hatari ya kubanwa vibaya, na anayefika 12 yuko kwenye hatari ya kufa. Kopo moja lina mipulizo 200. Mtaani kwetu kuna watu wanamaliza kopo kwa mwezi na wanaona wako sawa, maana dawa wanayo. Kule Uingereza walikaa wakachunguza vifo 195 vya pumu, ripoti ikatoka 2014. Miongoni mwa waliokuwa na dawa kama hii ya bluu, karibu wanne katika kila kumi walikuwa wameandikiwa zaidi ya makopo 12 ndani ya mwaka mmoja. Na katika vifo vyote, asilimia 45 walikufa bila kuomba msaada au kabla msaada haujawafikia. Hiyo ni nchi ambayo gari la wagonjwa unaliita kwa simu. Huku kwetu gari la wagonjwa wakati mwingine ni mimi, na taa moja ya mbele haiwaki.

Duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu 262,000,000 walikuwa na pumu mwaka 2019, na 455,000 walikufa nayo mwaka huo. Wengi wa wanaokufa wako kwenye nchi za kipato chetu. Pumu ya London na pumu ya Chuno yetu hapa mjini ni moja. Kinachotofautiana ni kilichoko kwenye rafu ya duka la dawa. Mimi ya kahawia naifuata duka kubwa mjini, na mara nyingine naambiwa nije Ijumaa. Kwenye maduka ya dawa muhimu ya mitaani utapata vidonge vya salbutamol, vya bei ndogo, vinavyotetemesha mikono. Mtu ananunua vinne anaenda kulala. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023, na nitaipima kwa jambo moja: kama mama wa Magomeni ataipata ya kahawia kwa kadi, kwenye zahanati ya mtaani kwake, bila kuambiwa aje Ijumaa.

Na msilaumu wagonjwa peke yao kwamba wanaogopa. Ni kweli wanaogopa. "Ukianza kupuliza huachi" ni msemo nimeusikia kwa mashemeji, kwa majirani, hata kwa mwalimu wa darasa la binti yangu, aliyemnyang'anya inhela akaifungia kabatini kwa nia njema. Mtu anaficha pumu yake kama deni. Msichana anaificha mpaka aolewe. Lakini wataacha vipi kuogopa wakati pekee wanapoongea na mhudumu wa afya ni saa tisa usiku, hawana pumzi ya kuuliza swali?

Kuhusu umeme, nina neno. Yule kijana wa utabibu alinionyesha kitu ambacho kingetusaidia ule usiku wa Magomeni. Chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, ikaushe, toboa tundu kwenye kitako, tundu linalokaa mdomo wa inhela barabara, ziba pembeni hewa isitoroke. Mtoto anaweka mdomo kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza inhela, anavuta taratibu. Chupa inaishikilia dawa mpaka mtoto aivute, badala ya yote kuishia kwenye ulimi. Madaktari wa Cape Town waliipima chupa ya namna hiyo kwa watoto waliobanwa, wakachapisha 1999: ilifanya kazi sawa na kile chombo cha kununua. Na tafiti nyingi zimeshaonyesha kuwa inhela na chombo cha namna hiyo, kwa kubanwa kusikokuwa kwa kutishia uhai, haviachwi nyuma na mashine ya mvuke. Havitaki umeme wala jenereta. Tulichokuwa tunakikosa ule usiku, kwenye kituo kile chenye giza, ni inhela moja yenye dawa na chupa ambayo barabarani tunaikanyaga.

Basi kila zahanati iwe na inhela ya bluu kwenye kabati la dharura, chupa iliyotobolewa, vidonge vya prednisolone vya kutuliza uvimbe, na ile mashine ndogo ya kidole ya kupima oksijeni ili mhudumu ajue huyu atibiwe hapa au akimbizwe. Na anayekimbizwa akimbizwe kwa gari. Mfumo wa m-mama umeonyesha kwamba inawezekana kumpigia dereva wa mtaani, akampeleka mama mjamzito, na akalipwa na mfumo. Mimi nawafahamu madereva waliosajiliwa humo. Kwa nini mtoto aliyeshindwa kumaliza jina lake asibebwe kwa mpango wa namna hiyo? Nakiri nina masilahi hapo, nitalipwa. Lakini mara nyingi sasa hivi nabeba kwa mkopo ambao najua haulipwi, na tajiri asubuhi haulizi nilimbeba nani.

Mtaniambia bajeti. Sawa. Nchi ya Finland mwaka 1994 ilianza mpango wa miaka kumi wa pumu. Hawakujenga hospitali mpya kwa ajili hiyo. Walifundisha wahudumu wa ngazi ya chini, wakawashirikisha wauza dawa, wakahimiza ile dawa ya kutuliza uvimbe ianzwe mapema, wakafundisha mgonjwa kujisimamia nyumbani. Waliotambuliwa kuwa na pumu waliongezeka, lakini siku za kulazwa kwa pumu zilipungua zaidi ya nusu ndani ya miaka hiyo. Kitanda kilichoachwa wazi ni fedha. Na Finland wasingejua kwamba siku zimepungua kama hawangekuwa wamezihesabu tangu mwanzo.

Kwa hiyo narudi kwenye ombi langu lile lile, mniwie radhi kwa kulirudia. Anzeni mwezi huu, msingojee fungu. Daftari la kurasa 200, rula, kalamu. Tarehe, saa, mtaa, umri, dawa aliyonayo, amekuja mara ya ngapi mwaka huu. Anayefika mara ya pili asitoke bila ya kahawia na tarehe ya kurudi iliyoandikwa, tarehe ya mchana, siku ambayo ana pumzi. Na mwisho wa kila mwezi mtu mmoja akae na daftari hilo upande mmoja, ratiba ya meli upande wa pili, kalenda ya salfa na mwelekeo wa upepo mbele yake.

La kwangu nimelitoa nakala kwa stationari ya jirani, nimefuta majina ya nyumba. Nitalileta mapokezi Jumatatu asubuhi nikitoka kupeleka hesabu. Mstari wa mwisho ulioingia, usiku wa kuamkia leo ninapoandika, ni huu:

"Saa tisa na dakika ishirini. Magomeni, kona ya msikiti. Mwanamke, muuza maandazi, alikuwa ameshawasha jiko. Kusi kali. Inhela ya bluu, tupu. Mara ya kwanza kumbeba. Amesema kwake ni ya tano tangu Ramadhani."

Wenu,
Dereva wa bajaji, zamu ya usiku, Mtwara mjini